Kwa nini mwanafunzi anafaulu au anafeli sekondari? Majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na wanafunzi wa Pemba

Nimefundisha Hisabati na Kemia katika skuli za sekondari za kaskazini ya Pemba kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mwalimu wa darasa, yaani yule anayeita majina asubuhi na kutia alama katika rejista. Maswali yaliyomo humu ni yale niliyoulizwa tena na tena katika vikao vya wazazi, barazani baada ya sala ya laasiri, na pia na wanafunzi wenyewe kila matokeo yanapotangazwa. Mengi yanahusu Unguja vilevile, lakini mifano nimeichukua ninapopajua.

Je, kufaulu si suala la akili ambayo mtoto amejaaliwa na Mwenyezi Mungu?

Vipawa havilingani, na mwalimu anayesema vinalingana hajakaa darasani. Hata hivyo, akili ni sababu inayotajwa mno na kuchunguzwa kidogo. Nimewaona wanafunzi wawili wa mtaa mmoja walioingia kidato cha kwanza wakiwa na alama zinazokaribiana, na baada ya miaka minne mmoja akapata divisheni ya pili na mwengine akapata sifuri. Nilipoifungua rejista yao ya zamani, niliikuta tofauti imeandikwa humo tangu mwaka wa kwanza: mmoja alikosa siku za kuhesabika, mwengine alikosa karibu siku moja katika kila siku nne.

Watafiti wamelifuatilia suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake walitoa ripoti ya uchunguzi uliohusisha wanafunzi laki kadhaa wa Marekani, na wakaona kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti za matokeo zaidi kuliko vifaa vya skuli. Mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley walilinganisha nchi 29, tajiri na maskini, wakaona kwamba katika nchi zenye kipato kidogo ubora wa skuli na wa walimu una uzito mkubwa zaidi kuliko ilivyoonekana Marekani. Ukiziweka tafiti hizo pamoja, unapata jambo ambalo mzazi wa Micheweni au Konde anapaswa kulishika: hapa kwetu nyumba ina uzito, na skuli pia ina uzito, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuutupia mwengine mzigo wote.

Kwa maoni yangu, mambo mawili hutangulia mengine yote: mtoto kuwepo darasani, na mtoto kuielewa lugha inayozungumzwa humo darasani. Njaa, simu, tuisheni, mikondo (zamu za masomo za asubuhi na mchana), bakora na mengineyo huyajenga au huyabomoa hayo mawili.

Divisheni huhesabiwa vipi, na mtoto anahitaji nini ili aendelee na kidato cha tano?

Mtihani wa kidato cha pili kwa upande wetu unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Mtihani wa kidato cha nne, unaofanyika mwezi wa Novemba, unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa Bara na Visiwani kwa pamoja. Katika mtihani huo, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kila A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, kisha huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Ninaomba mzazi akae na kalamu aihesabu divisheni ya nne kwa mkono wake. D mbili na F tano zinatoa pointi 33, na hiyo ni divisheni ya nne. Mtoto huyo ana cheti, lakini katika masomo matano kati ya saba hakufika hata alama 30. Kuendelea na kidato cha tano kunahitaji C au zaidi katika masomo matatu ya mchepuo anaoutaka, kwa hiyo swali la maana zaidi si "amepata divisheni ngapi" bali "ana C ngapi, na za masomo gani". Nimewahi kumpongeza msichana wa divisheni ya tatu kwa furaha kuliko mwenzake mwenye pointi nzuri zaidi, kwa sababu C zake tatu zilikuwa za Fizikia, Kemia na Bayolojia, na yeye alikuwa akitaka uuguzi tangu siku ya kwanza.

Mwanangu akielezwa kwa Kiswahili anaelewa vizuri. Kwa nini anafeli mtihani?

Kwa sababu mtihani haumuulizi kwa Kiswahili. Masomo ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, isipokuwa machache kama Kiswahili, Kiarabu na elimu ya dini ya Kiislamu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na ikaelekeza Hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, kwa nia ya kumzoesha mtoto mapema. Nia ilikuwa njema, lakini mtoto aliyefundishwa na mwalimu ambaye mwenyewe Kiingereza chake ni cha kubahatisha hafiki sekondari akiwa amezoea. Anafika akiwa na hofu.

Kuna siku moja nisiyoisahau. Niliwapa kidato cha tatu swali la Hisabati kuhusu mfanyabiashara anayetaka faida isiyopungua kiasi fulani. Karibu darasa zima waliandika alama ya kutolingana kwa upande usio wake. Nilidhani hawakuelewa mada, nikajitayarisha kuirudia yote. Kabla ya kufuta ubao nikalisoma swali lilelile kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuongeza maelezo yoyote. Kijana mmoja wa Tumbe, ambaye baba yake huuza pweza na yeye humsaidia kupiga hesabu, akasema kwa sauti, "Kumbe si chini ya hapo, ni kuanzia hapo kwenda juu!" Dakika tano baadaye madaftari mengi yalikuwa na jibu sahihi. Hesabu walikuwa wanaijua. Kilichowaangusha ni maneno mawili madogo ya Kiingereza, "at least", ambayo hakuna kitabu cha Hisabati kinachoyafundisha, kwa kuwa kila mwandishi anadhani msomaji ameshayajua.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto angefundishwa sayansi katika lugha anayoiota, na Kiingereza akafundishwa vizuri kama somo. Lakini mtihani wa Novemba hautangojea msimamo wangu, kwa hiyo ninawashauri wanafunzi mambo yanayowezekana leo. Awe na daftari dogo la msamiati kwa kila somo, na aandike humo si istilahi za sayansi tu bali pia maneno ya maagizo: eleza, orodhesha, linganisha, thibitisha, fafanua kwa mifano. Mwanafunzi anayeorodhesha pale alipoambiwa alinganishe hupoteza alama za jambo analolijua. Aelezwe mada kwa Kiswahili mpaka aielewe, kisha siku hiyohiyo aandike jibu lake mwenyewe kwa Kiingereza, hata kama ni sentensi tatu zenye makosa, ampe mwalimu azisahihishe. Kukariri jibu la mwenzake lisilo na kosa hakumsaidii, maana swali likibadilishwa neno moja hana pa kushika.

Na azungumze. Darasa linalomcheka anayekosea Kiingereza linajifunga mdomo lenyewe, na mwalimu anayelinyamazia ana sehemu ya lawama.

Akikosa siku mbili tatu kwa mwezi kwa ajili ya kazi za nyumbani, kuna madhara gani?

Hili ndilo swali ninalotaka kulijibu kwa urefu, kwa sababu katika vikao mzazi huliuliza kama jambo dogo.

Pemba ina maisha yanayokwenda kwa majira, na rejista ya skuli huyaonyesha majira hayo kwa uwazi wa kushangaza. Katika skuli za karibu na pwani, majina fulani huwa na nafasi tupu kila baada ya wiki mbili. Mwalimu mgeni hudhani ni utoro wa kawaida. Ukiiweka rejista karibu na kalenda ya mwezi, unaona kwamba nafasi hizo huangukia bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hutoka sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi, wakati wa masomo hasa. Hapo akina mama huenda kufunga na kuvuna mwani, na wasichana huwafuata. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana, yakirudi, na wao hurudi darasani. Kwa wavulana mambo ni mengine: baba akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, kijana huchukuliwa na hapotei kwa siku tatu bali kwa wiki nzima au zaidi.

Kisha kuna karafuu. Msimu ukiwa mzuri, nyumba nzima huwa kazini, wengine juu ya mkarafuu, wengine chini wakiokota zilizoanguka, na usiku wote hukaa juu ya jamvi kuchambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, mpaka vidole viwe vyeusi. Zao hili limewajengea watu nyumba na kuwapeleka Hija, na mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa karafuu, kwa hiyo siwezi kumwambia mzazi asimhitaji mwanawe shambani. Kuna miaka mavuno yalikuwa makubwa hata skuli zikafungwa kwa muda ili watu wachume. Utaratibu huo ulikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa darasa lote lilisimama pamoja. Kinachoumiza ni darasa kuendelea na mtoto mmoja kubaki nyuma peke yake.

Tufanye hesabu ya anayefuata bamvua. Siku tatu katika kila bamvua, bamvua mbili kwa mwezi, ni siku sita. Kwa miezi tisa ya masomo ni siku hamsini na nne, ambazo ni zaidi ya wiki kumi za skuli katika mwaka mmoja. Na hasara yenyewe haihesabiki kwa siku tu, kwa kuwa Hisabati na sayansi zimejengwa kama ukuta. Aliyekosa siku niliyofundisha kutoa mabano hawezi kunifuata wiki inayokuja nikifundisha milinganyo ya kipeo cha pili, hata akiwepo kila siku ya wiki hiyo. Anakaa, anaandika ninayoyaandika, na ndani ya nafsi yake anaanza kuamini kwamba hana akili ya Hisabati. Mwaka wa pili haji tena hata siku za maji mafu.

Ninachowaomba wazazi si kuwaondoa watoto katika kazi, bali kuipanga kazi. Kazi ya Jumamosi na Jumapili haina madhara hayo. Skuli ikiwa ya mikondo, mtoto anaweza kwenda pwani au shambani nje ya mkondo wake. Ikiwa hapana budi akose siku, mzazi amwambie mwalimu wa darasa kabla na si baada, na mtoto apewe mwenzake mmoja maalumu wa kumnakilia masomo. Mama mmoja wa Kiuyu alikuwa akinitumia ujumbe wa simu jioni kabla ya kila bamvua: "Mwalimu, kesho na keshokutwa hatokuja, mwekee kazi." Nilimwekea. Binti huyo alimaliza kidato cha sita.

Chuo cha Kurani kinamchosha na kumpunguzia muda wa masomo?

Sijaona hivyo. Watoto wanaohudhuria chuoni kwa utaratibu huwa wamezoea kuamka mapema, kukaa na kitabu na kurudia mpaka jambo likae kichwani, na mazoea hayo huja nayo darasani. Tatizo hutokea pale ratiba ya chuo, ya tuisheni na ya kazi za nyumbani zinapogongana bila mtu mzima kuzipanga.

Tuisheni inasaidia kweli, au ni kupoteza fedha?

Inategemea inafanya nini. Tuisheni yenye wanafunzi wachache, ambapo mwalimu anayaona madaftari na kurudi nyuma pale mtoto alipokwama, ina thamani yake. Tuisheni yenye vijana themanini kwenye banda moja, ambapo mwalimu hutatua maswali ya mitihani iliyopita kwa kasi na wao wananakili, humpa mtoto hisia ya kusoma bila kusoma kwenyewe. Mzazi anaweza kupima kwa njia rahisi: jioni alichague swali moja kati ya yaliyotatuliwa mchana, afunike jibu, amwambie mtoto alifanye upya. Akishindwa, fedha hizo zingemfaa zaidi kwa kitabu cha kiada, au kwa chakula cha mchana.

Kuna jambo moja ninalolipinga wazi, nalo ni mwalimu kuacha kufundisha mada darasani ili aifundishe kwa malipo jioni. Mzazi akiliona, alipeleke kwa mwalimu mkuu na kwenye kamati ya skuli.

Mikondo miwili na wingi wa wanafunzi vina athari gani?

Athari kubwa. Mwaliko wa elimu bila malipo uliotangazwa na Mzee Abeid Amani Karume tarehe 23 Septemba 1964 uliwafungulia milango watoto ambao wazee wao hawakuwahi kuingia darasani, na tangu hapo Zanzibar imekuwa ikikimbizana na idadi ya wanafunzi. Mikondo miwili ilikuwa njia ya kutomwacha mtoto nje. Gharama yake ni vipindi vilivyofupishwa, maabara isiyopatikana kwa wakati, na mtoto wa mkondo wa mchana anayeanza somo la Fizikia jua likiwa kali na tumbo tupu. Skuli za ghorofa zilizojengwa na serikali ya awamu ya nane zimelipunguza tatizo hili katika maeneo mengi, na kwa hilo ninashukuru kwa dhati.

Majengo, hata hivyo, hayafundishi. Skuli nyingi za shamba bado zina upungufu wa walimu wa Hisabati na sayansi, na kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu mdogo kabisa katika mtihani wa kidato cha nne nchini kote. Nimewahi kumsimamia mwanafunzi wa kidato cha nne katika mtihani wa majaribio wa Kemia kwa vitendo, nikaona mkono unamtetemeka. Hakuwa mgonjwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika bureti, yaani mrija wa kioo wenye koki wa kupimia kemikali za maji. Miaka minne alikuwa ameichora tu. Alijua hesabu zote za asidi na besi, lakini hakujua kuifunga koki kabla ya kumimina, na nusu ya asidi ikaishia mezani. Wazazi waulize skuli: mwanangu ameingia maabara mara ngapi mwaka huu? Swali hilo likiulizwa na wengi katika kikao, hupata majibu.

Afya na chakula vinahusiana vipi na alama?

Moja kwa moja. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kwa chai kavu, akatembea maili mbili, hana nguvu ya kufikiri ifikapo kipindi cha nne. Muhogo wa kuchemsha, uji au kiporo cha wali vinatosha. Si lazima kiwe kifungua kinywa cha gharama.

Upungufu wa damu huwapata zaidi wasichana waliobaleghe, kwa sababu ya damu ya mwezi na chakula chenye madini ya chuma kidogo. Dalili zake, yaani kuchoka, kusinzia na kushindwa kutulia, hufanana mno na uvivu, na wengi hukaripiwa badala ya kupelekwa hospitali. Minyoo na kichocho huzidisha hali hiyo. Kichocho cha mkojo kimekuwepo Pemba na Unguja kwa muda mrefu, na hupatikana kwa kuoga au kufua katika mito na mabwawa yenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Kampeni za kugawa dawa za minyoo na prazikwanteli (dawa ya kichocho) zimekipunguza sana, kwa hiyo siku ya dawa mtoto asifichwe nyumbani kwa uvumi.

Macho yasisahauliwe. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akinakili kutoka kwa jirani yake kila siku, nami nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Ilichukua muhula mzima kugundua kwamba haoni ubaoni. Alipopata miwani alipanda kutoka F hadi C kwa mwaka mmoja, na mimi nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile.

Simu inaharibu masomo?

Kinachoharibika kwanza ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi kumi kwa usiku mmoja, na ubongo huyapanga yale aliyojifunza mchana wakati amelala. Anayekaa na simu hadi saa saba za usiku, kisha akaamshwa alfajiri, yupo darasani kwa mwili tu. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, maana baada ya tarawehe vijana hukesha mitaani hadi daku. Kufunga hakumzuii mtu kusoma. Kukesha ndiko kunakomzuia.

Simu yenyewe ina manufaa yake kwa anayetafuta maana ya neno au maelezo ya mada. Nyumba iwe na saa inayojulikana ya simu zote kukaa sebuleni, za wazee zikiwemo.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?

Mama wa Kiuyu niliyemtaja alikuwa hajui kusoma; ujumbe alimwandikisha jirani. Mzazi hahitaji kujua Kemia ili amsaidie mwanafunzi wa Kemia. Anahitaji kujua mwanawe ameketi wapi jioni, na chini ya mwanga gani. Anahitaji kumpa saa moja na nusu ambazo hatumwi dukani, hatumwi kisimani, hatumwi kumwita mtu. Anaweza kusema, "Niambie kwa Kiswahili mlichosoma leo," na kusikiliza mpaka mwisho, maana mtoto anayemweleza mama yake hugundua mwenyewe alipokwama. Anaweza kuyafungua madaftari, akatazama tarehe. Tarehe hazihitaji Kiingereza: daftari la Hisabati ambalo ukurasa wake wa mwisho ni wa wiki tatu zilizopita linajieleza.

Na aje skuli kabla hajaitwa. Mwalimu humkumbuka mtoto ambaye mzazi wake amekuja kuuliza hali yake, na hilo ni tabia ya binadamu kuliko upendeleo.

Kwa nini wasichana wengi hubaki skuli kuliko wavulana, na je, wanafanya vizuri zaidi?

Katika skuli nyingi za sekondari Zanzibar wasichana wamekuwa wengi kuliko wavulana, hasa vidato vya juu. Wavulana hutolewa na fedha ya mkononi: uvuvi, bodaboda, ujenzi, safari za Unguja na Dar es Salaam. Msichana hubaki, lakini mara nyingi anasoma akiwa tayari amefanya kazi ya siku nzima, ya kuteka maji, kupika na kulea wadogo zake, huku kaka yake aliye darasa moja naye akiwa mpirani. Kumgawia kaka nusu ya kazi hizo ni msaada wa masomo usiogharimu hata shilingi. Siku za hedhi zinahitaji vyoo vyenye maji na faragha, vinginevyo zinageuka siku nyengine za kukosa. Na msichana aliyepata ujauzito, sera ya Zanzibar inamruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua. Jamaa wasimfungie mlango ambao serikali imeuacha wazi.

Bakora inasaidia?

Inasaidia kunyamazisha darasa. Rejista zangu zinaonyesha kwamba mtoto aliyechapwa kwa kuchelewa hachelewi tena, kwa sababu siku anayochelewa haji kabisa.

Kuna njia bora ya kusoma kuliko kurudia daftari?

Ipo, na imepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena, wengine walikifunika wakajaribu kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo mwanafunzi afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifungue aone alichokosa. Jambo hilohilo alirudie baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki mbili. Kikundi cha watu wanne wanaoulizana maswali ukumbini jioni kinafaa kuliko kila mmoja kuinamia daftari lake.

Dakhalia (bweni la skuli) ni bora kuliko kukaa nyumbani?

Kwa mtoto anayetembea masafa marefu au ambaye nyumba yake haina utulivu, dakhalia humrudishia muda na usingizi. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwake kuna usimamizi mzuri na skuli iko karibu, sioni haja ya kumwondoa.

Mwanangu amepata sifuri. Afanye nini?

Kwanza apewe wiki moja ya kutosemwa. Kisha mchukue karatasi ya matokeo na mketi pamoja, mtazame somo moja moja, mkitafuta lile ambalo alikaribia. Aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na si lazima ayabebe masomo yote. Achague yale anayoweza kuyafikisha C kwa mwaka mmoja wa kazi ya kweli. Aliyeacha skuli kabla ya hapo ana njia ya Mtihani wa Maarifa (QT), unaomfungulia mlango wa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anayependa kazi ya mikono aende akaulize katika vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Vitongoji hapa Pemba au vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni huko Unguja, ambako umeme, useremala, ushoni na ufundi wa magari hufundishwa kwa mpangilio.

Akiamua kurudia, msianze na tuisheni. Nendeni kwa mwalimu wake wa darasa wa zamani, mumwombe mahudhurio yake ya miaka minne, na muandike mada zilizofundishwa katika wiki ambazo hakuwepo. Orodha hiyo ndiyo ratiba yake ya miezi mitatu ya mwanzo. Mimi niliwafanyia hivyo vijana kadhaa waliokuja nyumbani kwangu, na kila mmoja alishangaa kuona jinsi orodha ilivyokuwa fupi kuliko alivyoogopa.